Safu ya Waliokataa

Hojaji ina kurasa sita na mwiko mmoja:
usimwongoze mhojiwa.
Nimeibeba hadi Ganda ndani ya mfuko wa nailoni,
pamoja na pedi ya wino wa zambarau
na paketi mbili za sukari
ambazo kamati ya maadili haikuziona kwenye bajeti.

Profesa Mwachiro alinifunza
kupima huzuni kwa visanduku vinne:
hata siku moja; siku chache;
zaidi ya nusu ya siku; karibu kila siku.
Miaka kumi na mmoja nililinda wodi zamu ya usiku
na sikujua kwamba kile kinachoimba,
kinachogonga kitanda kwa kijiko saa tisa,
huanzia sifuri, huishia tatu.

Swali la pili lilituchelewesha miezi.
Tulilitafsiri, tukalirudisha,
likaja limebadilika sura
kama mtoto aliyelelewa kwa shangazi.
"Moyo mzito," tukaandika. Tukaambiwa hiyo ni presha.
"Kukata tamaa," tukaandika.
Muuza mbaazi wa Kakuyuni akauliza: tamaa ipi?
Maana ustadhi kila Ijumaa atuhimiza tuikate.

Nyevu wa Kahindi, namba mia moja na kumi na nne,
alikuwa akibangua korosho,
vidole vyeusi kwa utomvu.
Alisikiliza fomu ya ridhaa aya kwa aya.
Nilipofungua pedi, akakificha kiganja ndani ya leso.

"Dole gumba langu lilishatoka mara moja.
Alikuja kijana ana karatasi kama yako,
mpole kama wewe, akasema ni za mbegu.
Dole likarudi. Shamba halikurudi.
Uliza utakalo, mwanangu, nitakujibu.
Dole, hapana."

Na alijibu.
Alijibu maswali yote tisa
na mengine ambayo sikuwa nayo:
mikorosho mingapi, nani aliipanda,
na jinsi mumewe alivyoamka kila alfajiri,
akachukua jembe, akafika uani, akasimama.
Akasimama hadi jua likamkuta.
Miaka miwili ya kusimama.

"Nyinyi wa hospitali mnauitaje?"
Nilikuwa na jina. Nikalitaja.
Akalionja, kama mchuzi wa jirani.
"Sisi tuliuita Jembe. Hata sasa,
watoto wakiniona nimenyamaza, huambiana:
leo mama ameshikwa na Jembe."

Bila dole hakuna ridhaa,
bila ridhaa hakuna namba.
Usiku, katika chumba nilichopanga Barani,
nikampiga mstari kwa rula.
Sababu ya kutoshiriki?
Nikafikiri sana. Nikaandika: nyinginezo.

Walifika kumi na saba wa namna hiyo.

Siku ya utetezi, majedwali yangu yalisimama wima.
Mtahini wa nje alivua miwani:
"Hawa kumi na saba. Tuseme nini juu yao?"
"Walikataa," nikasema.
Akaridhika. Akageuza ukurasa.

Sasa naitwa daktari,
na mama bado huuliza: wa sindano, au wa maneno?
Kila Jumanne nafundisha wauguzi wa mwaka wa tatu
namna ya kuuliza bila kuongoza.
Juzi binti mmoja akanyoosha mkono:
"Na mgonjwa akijibu, lakini kisanduku chake hakipo?"
Nikamwambia aandike ukingoni.
Sikumwambia kwamba ukingo hauingii kwenye kompyuta.

Fomu ya Nyevu ningepaswa kuichoma.
Ninayo, kwenye droo, chini ya joho.
Siku ile, kwa haya, nilifunga pedi vibaya,
wino ukanishika, nikaondoka naye akinicheka.
Kwa hiyo karatasi ile ina dole moja la zambarau,
limepinda kidogo, pembeni mwa jina lake.
Ni langu.