Jua Nalo Labonyeza

Vardø, Desemba, saa sita mchana, na taa za barabarani zinawaka.
Huku jua hulala Novemba likaamka mwakani.
Nimeinamia meza ya jikoni:
kompyuta isiyozidi pakiti ya sigara,
na kidude cheusi chenye jicho moja lililovimba
na miguu mitatu.

Kaka yangu Eilert ananitazama kutoka kitini.
Tangu kiharusi, mkono wake wa kuume umegoma.
Wa kushoto unajua kitu kimoja tu: rimoti
ya televisheni iliyokufa mwaka juzi.
Kila kitufe anakijua kama ulimi ujuavyo pengo.
"Niunganishie redio na hii," alisema. "Mpya sizitaki."

Mguu wa kwanza, habari. Wa pili, ardhi. Wa tatu, umeme.
Nikapishanisha wa pili na wa tatu, kwa kiburi cha fundi
aliyetengeneza mashine za kiwanda cha samaki miaka thelathini.
Kidude kikapata homa. Nikakigusa, kikaning'ata,
harufu ya plastiki ikapanda mapazia.
"Huyo amekwenda," akasema Eilert.
Wa pili alikuja kwa posta, siku tisa;
dhoruba ilikuwa imefunga uwanja wa ndege.

Safari hii volti tatu na nukta tatu, si tano.
Kimya.
Nikahesabu pini hadi ya kumi na nane. Kimya.
Usiku wa manane ndipo nikang'amua:
pini hizi zina hesabu mbili,
ya mahali zilipokaa na ya majina yao,
na Kumi na Nane hukaa kiti cha kumi na mbili.
Kama shangazi yetu Aslaug, kitinda mimba wa watu saba,
aliyeitwa Dada Mkubwa mpaka anazikwa.

Nikahamisha waya. Bado.
Au rimoti yenyewe ndiyo maiti?
Nikazima taa, nikaielekezea kamera ya simu.
Eilert akabonyeza,
na pale ambapo macho yetu yaliona giza tupu
simu ikaona nukta ya zambarau, ikipepesa, ikipepesa.
"Inasema," nikamwambia.
"Mimi nilijua," akasema.

Kosa lilikuwa ndani ya faili. Mstari mmoja,
mbele yake alama ya reli,
na kilicho nyuma ya reli mashine hukipita bila salamu.
Nikaifuta. Nikazima, nikawasha.
Eilert akabonyeza nne
na skrini ikamwaga: mpigo, nafasi, mpigo, nafasi,
namba zikipita kama samaki kwenye mkanda wa kiwanda.
Nikavipa vitufe majina. Kilichochubuka rangi: sauti juu.
Chekundu: nyamaza. Nne: hali ya bahari.

Wiki sita redio ilimtii.

Tarehe ishirini Januari, saa tano kasoro dakika tano,
anabonyeza, anaambulia patupu.
Nikapiga magoti kwenye zulia.
Waya zipo. Volti zipo. Faili haijaguswa.
Na skrini inafurika mipigo,
mirefu, mifupi, isiyo na kichwa wala miguu,
ilhali rimoti imelala mapajani mwake.
Nani anabonyeza?

"Geuka," alisema Eilert.

Dirisha la kusini. Ukingoni mwa bahari, ukucha wa moto,
mwekundu, ukiingia sebuleni sambamba na sakafu,
moja kwa moja hadi kwenye jicho la kidude changu.
Nje watoto wa shule wameachiwa, wanapiga mayowe,
jamu ya mikate ya jua mashavuni.

Nikaleta karatasi nyeusi nikishonee kofia.
Mkono wa kushoto ukainuka: acha.
"Liache nalo libonyeze."

Tukakaa.
Saa tano na robo ukucha ukazama, skrini ikatulia.
Eilert akabonyeza nne.
Upepo wa kaskazini magharibi, akasema mwanamke wa redioni,
na theluji kuanzia usiku.

Kofia niliitengeneza Februari,
jua lilipoanza kuzoea nyumba.