Penseli Nyeupe

Juni, Newala, ukungu bado umelala dirishani,
bwana shamba Mpeme ananiletea kazi:
"Mwalimu, nichoree ua la mkorosho lililoshikwa na ubwiriunga,
tulibandike maghalani, watu walijue mapema."
Akaacha tawi mezani, limenyauka, limejaa unga
kama mtoto aliyepekua debe la sembe.

Nikatoa penseli zangu zote.

Tausi, za dukani kwa Nambunga, boksi elfu na mia tano:
nta tupu. Unasugua, unasugua,
karatasi inang'aa kama kipara, rangi haiji.
Ukichonga kwa wembe, ncha inakatika,
ukichonga tena, inakatika tena,
mpaka unabaki na kijiti na lawama.

Chui Wawili nilizinunua Masasi, siku basi lilipoharibika.
Ngumu. Zinakwaruza kwanza, rangi baadaye;
geuza karatasi, utausoma mchoro kwa kidole.
Ila kijani chake, nisikidhulumu,
ni kijani hasa cha jani la mkorosho,
lile la chini, lililozoea kivuli.

Halafu kopo aliloniachia mgeni wa mradi,
jina lina herufi zenye nukta kichwani,
silitamki, naliita Bati.
Rangi zake hazisubiri kuambiwa mara mbili.
Waridi juu ya kijani, zinakaa pamoja
kama wake wenza siku ya msiba.
Nazitumia kwa uchoyo. Zambarau sijaichonga tangu mwaka juzi.

Sasa, nyeupe.
Nani hutumia nyeupe? Darasani kwangu
kahawia imebaki kisiki, nyekundu haishikiki,
nyeupe ndefu vilevile, mgeni asiyepewa jembe.
"Mwalimu, hii ya nini?"
Mwaka wa kumi na moja huu nawajibu: itafaa.

Ya Tausi: hakuna kitu.
Ya Chui: ukijivu, jino lisilopigwa mswaki.
Ya Bati ikakaa, unga mtupu,
nusura nipige chafya.

Lakini maghala ni tisa,
na kwenye bango la nne nyeupe ya Bati
ilikuwa fupi kuliko ukucha wangu.

Fadina wa darasa la tano alikuja kurudisha ufagio.
Akasimama, akatazama, akasema:
"Anza na ile isiyoonekana."
Akaikandamiza nyeupe ya Tausi kwenye karatasi tupu,
akapitisha juu yake kahawia ya Chui.
Kahawia ikateleza kwenye nta.
Pakabaki peupe, madoa madoa, pamevunda,
ugonjwa wenyewe.

Mpeme aliyapanga mabango yote sakafuni.
"Haya matano yanatisha zaidi," akasema. "Umenunua rangi mpya?"

Kesho yake niliomba nyeupe darasa zima.
Thelathini na saba, nyingi na ncha ya kiwandani,
nimezifunga kwa mpira kama kuni.

Fadina hakutoa yake.
Alisema bado ana kazi nayo.