Gong

Boriti ya chuma usiisome ubavuni.
Zunguka, chuchumaa mbele ya kichwa chake kilichokatwa:
mstari chini, mstari juu,
katikati nguzo moja inayovizuia viwili visikutane.

工

Hivyo ndivyo nilivyoanza kusoma Kichina,
kwenye uwanja wa vyuma kule Kampemba,
mimi Mwadi wa Katuba, mwandika hesabu kwa chaki,
kabla hata ya kujua "asante" yao.
Mama Pang wa stoo aliiandika alama ile
kwenye kila ukurasa wa daftari, nami nikidhani
anachora boriti.
Alicheka hadi miwani ikaanguka vumbini.
"Si chuma," akasema. "Kazi."

Inasomwa *gong*.
Nikaisikia kama *gonga* lililokatwa mkia,
nyundo imenyanyuliwa, imeshuka mara moja,
halafu king'ora cha saa sita kikalia.

Zamani, alisema, ilikuwa kifaa cha fundi,
skwea ya kupimia pembe. Wengine wanakataa:
ni kishindilio cha udongo wa ukuta.
Ina miaka elfu tatu na bado wanaibishania.
Nikamwambia babu yangu alikuwa na vyote viwili
nyuma ya mlango,
na hakujua kuandika hata jina lake.

Iongezee mtu: mfanyakazi.
Iongezee nguvu: sifa ya aliyefanikisha jambo.
Iongezee uzi, inakuwa nyekundu,
rangi ya kandambili zangu kila Agosti.
Iongezee maji, unapata mto mkubwa.
"Hapo kwenye mto imeazimwa sauti tu," akaeleza.
Basi nikasema, hata kwenu kazi inakopwa sauti
na hailipwi.
Hakucheka. Ulikuwa mwezi ule
mshahara ulichelewa siku kumi na tisa,
naye akanionyesha, mlango wa ofisi ukiwa wazi,
jinsi ya kuweka "acha" mbele ya "kazi".
Neno lenyewe, mgomo, alilinong'ona.

Siku moja akamuulizia kaka yangu Musonda,
yule aliyekuwa akiniletea chakula langoni.
Nikamwambia alishuka shimoni upande wa Ruashi
kutafuta jiwe la kijani.
Shimo lilimrudisha yeye. Wenzake wawili, hapana.
Sasa hukaa kwenye benchi la uani, katikati kabisa,
bukari inapoa, inaota ngozi,
mama anaipeleka kwa kuku bila kusema kitu.

Mama Pang hakusema pole.
Alichukua chaki yangu, akachora juu ya chuma
mdomo wa shimo,
na chini ya shimo, kazi.

空

Akaifuta kwa kiganja. Akaichora tena.
"Tupu," akasema.
Kisha upesi, kama mtu aliyekosea chenji:
"Lakini ni mbingu pia. Herufi ileile."
Nikainua macho: lile bomba refu la moshi lisilotoa moshi,
mlima mweusi wa masalia ya shaba,
na juu yake, kweli, kulikuwa na nyingi.

"Tena tunaulizana," akasema, "una tupu?
Yaani, una muda?"
Nikatafuta neno, sikwenda mbali.
"Nafasi. Kwetu pia ni neno moja:
mahali pasipo na kitu, na saa isiyo na kazi."
Alilijaribu mdomoni, *na-fa-si*,
kama anayepima uzito wa kokoto.
"Una nafasi Jumapili?"

Alikuja na machungwa sita ndani ya mfuko mweusi.
Alikula sombe huku pilipili ikimtoa machozi,
au tulikubaliana kwamba ni pilipili.
Musonda hakumtazama.
Nilimsindikiza mgeni hadi kwenye lami, nikarudi,
giza limeshaingia uani, umeme hakuna.
Kaka yangu alikuwa amesogea kwenye benchi,
si sana, upana wa mtu mwembamba.
Akagonga ubao kwa kidole.
Mara moja tu.
Nikakaa.