Pua ya Jumapili

Siku sita pua yangu si yangu,
ni ya kampuni.
Imo kwenye mkataba, kipengele cha tisa:
mwonjaji hajipaki, hajipulizii, havuti,
vitunguu ale Jumamosi usiku.
Naoga kwa sabuni isiyonukia
kama maiti wa watu wenye haraka.

Alfajiri nafyonza kahawa ya Mbozi kijikoni,
fyuu! kelele ambayo mama angenichapa kwayo,
naizungusha ulimini, naitema, naandika:
ndimu. Sukari guru. Gunia lenye ukungu.
Bei ya mkulima inapanda na kushuka
kwenye matundu mawili haya.

Basi Jumapili moja ya Julai, bonasi imeingia,
nikatoka kanisani nikapanda Uhindini,
ukungu umeifunika Loleza hadi kidevuni,
dukani kwa Ezelina Mbilinyi, mtoto wa Makete,
ambaye hata baridi angekuuzia, nawe unatetemeka.
"Karibu, dada. Ya wapi? Ofisini? Harusini? Ya kumkomesha mtu?"
Nikasema: ya kukaa nyumbani.
Akanitazama kama niliyeomba mwavuli wa kulalia.

Ya kwanza, chupa ya pembepembe kama jengo la benki,
iliingia kwa kishindo, machungwa, machungwa,
kisha ikaishiwa maneno.
Ya pili niliirudisha kabla haijakauka mkononi.
"Hii imezimuliwa."
"Dada, hiyo imetoka Paris!"
"Imetoka. Ila njiani ilipumzika,
mtu akaiongezea spiriti ya kidonda."
Akacheka, akaisukumia chini ya meza.
Tangu hapo akaniita mama.

Akaleta bilauri ya punje nyeusi.
"Nusa hizi kwanza, zisafishe pua."
Nikanusa.
Robusta. Imeungua, iko wazi mwaka wa pili,
na gunia lake lililala jirani na sabuni ya mche.
Siku sita! Halafu ya saba nalipa nauli
kuja kuletewa kazi kwenye bilauri.
Sikusema kitu. Kuna ukweli
ambao mtu halipwi kuusema siku ya mapumziko.
Nikainusa kola ya sweta langu badala yake:
sufu, moshi wa mkaa, mimi.
Pua ikatulia.

Ya tatu waliiandika asumini,
lakini ua lile mimi nalijua kwa jina la nyumbani.
Oktoba, mvua ya kwanza, wiki moja baadaye
shamba la baba kule Igamba limejifunika shuka jeupe,
siku tatu, basi.
Nikasimama. Ezelina akanyamaza; muuzaji hodari anajua.
Nikairudisha.
Siku tatu zile hazikuwahi kuwa na bei.
Nikizinunua, kila Oktoba nitakagua
kama shamba limeiga vizuri.

Ya nne sikuijua.
Ngozi? Ubani? Chuma kilichonyeshewa?
Na chini kabisa utamu umejificha
kama mtoto wa mgeni nyuma ya mlango.
Nikatafuta neno kwenye fomu zangu zote, safu zote.
Halikuwepo.
Bei yake ni mbuzi wanne na beberu wao mwenye majivuno.
Nikahesabu noti, mara mbili, polepole,
ili aliyekuwa akihesabu asikike kama mtu mwingine.

Sasa Jumamosi, saa mbili usiku,
matone mawili: shingoni, nyuma ya goti.
Baridi ya Mbeya haiachi harufu itembee.
Inaibana kwenye ngozi, chini ya kitenge, chini ya blanketi;
ukitaka kuijua sharti usogee.
Ambilikile anasogea. Anauliza, ni nini hiki?
Nasema: sijui.
Lo, raha ya neno hilo
kwa mwanamke anayelipwa kujua!

Jumapili jioni nachemsha maji, najisugua
mpaka niwe karatasi tupu.
Vikombe thelathini vya Jumatatu vimeshapangwa.
Ila nyuma ya goti la kushoto
huwa napitiwa kidogo.
Kahawa haijawahi kuinama hadi huko.