Zipu ya Mgongoni

Julai, Punta Arenas. Saa kumi na moja jioni giza limeshaingia,
upepo unagonga bati kama mdai
aliyechoka kuambiwa njoo kesho.
Nibaldo kalala kochini, mguu ndani ya plasta.
Alidondoka kutoka lori la kondoo,
na kondoo, anasema kwa uchungu,
hata mmoja hakugeuka kumtazama.

Danica Vrsalović alipofunga duka lake la kukodisha filamu
alituletea boksi mlangoni:
"Chukueni. Hizi ndizo mji mzima umekataa hata kuziiba."
Diski sitini na moja. Mguu una wiki sita.
Tukaweka kuni, tukaanza.

Jumatatu, katuni: mbweha aliyeuza kivuli chake
akalipwa jua, jua lenyewe, ndani ya mkoba wa turubai.
Rangi zilimwagika sebuleni, zikapaka birika,
zikampaka mama shavu moja la chungwa.
Mchumia juani hulia kivulini;
huyu, niliwaza, atalia wapi?
Nikalia mimi,
pale kivuli kinaporudi peke yake, kimechakaa,
kinabisha hodi kwa mwenyewe, naye hakitambui.
Nibaldo alisema ana mafua.
Mafua gani huanza dakika ileile kwa watu wawili?

Jumanne, joka linaloogopa ngazi. Jumatano
filamu yenye nyota tano na medali kwenye jalada:
tulilala wote watatu, vinywa wazi.

Alhamisi wakaja konokono wa Zohali
kunywa umeme wa dunia.
Chombo chao: masufuria mawili yaliyobusiana,
yananing'inia kwa uzi, na uzi una kivuli.
Profesa anafunga mdomo, Kihispania kinaendelea kutoka.
Jemadari na bibi harusi wana sauti moja.
Tulicheka mpaka plasta ikagonga meza,
mpaka konokono mkubwa akageuka
na tukaiona: zipu,
kutoka shingoni hadi kiunoni, inang'aa.

"Simamisha," akasema mama.

Mama Eduvigis, miaka arobaini kwenye cherehani,
ovaroli za wachimba mafuta, mapazia, sanda mbili tatu.
Hakucheka. Alivaa miwani, akapiga goti mbele ya televisheni,
akaweka kidole juu ya mgongo wa jitu.
"Hapa cherehani haikupita. Kitambaa kinene, sindano ingevunjika.
Huu ni mkono. Tena mkono wa usiku, ona mishono inavyosinzia.
Na zipu waliyomletea ilikuwa fupi,
akaunga kipande. Hapa. Mnaona?
Walimpa siku mbili na hela ya siku moja."

Hatukuona. Tukasema tunaona.

Filamu ikaendelea, lakini haikuwa ileile.
Walipomchoma konokono kwa moto wa petroli
mama alishika kifua: "Taratibu, jamani, taratibu!"
Kisha akataka majina ya mwisho, yale tunayoyakimbia siku zote.
Taa. Sauti. Nywele. Dereva wa pili.
*Mavazi*
na diski ikakwama, skrini ikajaa viraka vya kijani,
ikaruka moja kwa moja hadi giza.
Tuliifuta kwa shati, kwa pumzi, kwa dawa ya meno.
Mara nne. *Mavazi*, kisha viraka.
Mama akaenda kulala bila kutuaga,
kana kwamba sisi ndio tuliomfuta yule mtu.

Usiku nilisikia mkasi.

Asubuhi suruali ya Nibaldo ilikuwa juu ya kiti,
mguu wa kulia umepasuliwa, umetiwa zipu
kutoka kifundoni hadi nyongani, ipite plasta.
Zipu ya koti la zamani, fupi,
imeungwa kipande.
Akaivaa, akaja jikoni kwa magongo,
mikono juu, akinguruma kama aliyetoka Zohali.
Mama hakuinua macho kutoka kwenye mkate.
"Kula," alisema. "Umeme umekwisha."