Kupima Mizani

Saa kumi na moja na robo alfajiri
kichwa changu huwa kimeshatoka nyumbani.
Mimi bado niko chini ya shuka, Barabara ya Kumi na Nne,
chenyewe kiko Ngomeni, ghalani,
kinahesabu marobota ya mkonge.
Mia mbili arobaini na moja.
Yalitakiwa mia mbili arobaini na nne.

Matatu.
Miaka kumi na tisa nahesabu matatu.

Bwana Shembilu alisema mbele ya watu wa korona na wa brashi:
"Karani, marobota hayana miguu."
Wakacheka. Na mimi nikacheka, ndilo linaloniuma.
Jibu nililipata jioni, karibu na reli,
jibu zuri, lenye makali,
na tangu siku ile nalinoa kila alfajiri
kwa mtu ambaye hayupo.

Chai ikipungua sukari: wameninyima.
Simu isipopokelewa: wamenidharau.
Nesi Mwantumu pale Bombo alinifunga ule mkanda mkononi,
akatazama namba, akanyamaza:
ananificha.
Kumbe alikuwa anazuia miayo. Alikesha zamu.
Na hata nilipojua
nilijiuliza kwanza kama miayo ile nayo hainihusu.

Jumamosi moja wakaifunga Kumi na Nne.
Turubai la harusi, viti vya kukodi, masufuria ya pilau,
na mwanamke mwenye mwiko mrefu akaniambia,
"Zunguka, baba. Barabara ziko tele,
hii moja tuachie leo."
Nilikasirika kama mtu aliyeibiwa.
Nikakata Kumi na Sita nikinung'unika,
mnyororo nao ukanung'unika, ukachomoka
mbele ya kibanda cha Mhina fundi.

Mhina akaipindua baiskeli, akazungusha gurudumu,
akalisikiliza kama anayesikiliza tumbo la mtoto.
"Hizi spoku nani kazikaza hivi?"
Mimi.
"Umezikaza mpaka zimesahau kazi yake.
Spoku ilipokee jiwe, ilipishe, irudi.
Hizi zako zinagombana na kila jiwe la Tanga."
Akalegeza. Nusu mzunguko, nusu mzunguko.

Sikusema kitu. Nilikuwa naitazama mizani yake
ya kupimia vyuma chakavu, imetundikwa msumarini,
tupu kabisa, haina hata njugu ya baiskeli,
na mshale umesimama kwenye kilo mbili.

Kilo mbili za hewa.

Miaka thelathini nilipima mkonge wa watu.
Nilimpima Shembilu, nilimpima mke wangu,
nilimpima mwanangu aliyehamia Muheza bila kuaga vizuri,
wala siku moja sikuitazama mizani
ikiwa haina kitu.

Sisemi marobota yalikuwepo. Huenda yaliibwa.
Huenda nilikosea mimi, nilikuwa na homa siku ile.
Huenda Shembilu naye alikuwa na mkubwa wake anayemngoja ofisini.
Zikaingia huenda tatu,
kifua kikapata mahali pa kukaa.

Msidhani nimepona kama watu wa kwenye mawaidha.
Jumapili alfajiri kichwa kikaenda tena Ngomeni.
Nikakiacha kiende. Kiliporudi nikakiuliza tu:
mshale ulikuwa wapi kabla hujapakia?
Hakikujibu. Kikakaa kitako, kikaomba chai.

Mkonge ukiwa shambani ni mkaidi, ncha yake haimjui bwana wala mtwana.
Lakini singa zake, zikishapita korona, zikaoshwa, zikaanikwa,
unazifunga fundo, unazifungua, hazina kinyongo.
Nimeishi nazo umri wote
nikajifunza ncha tu.

Turubai limeshaondolewa.
Leo usukani umegeuka wenyewe kufuata Kumi na Nne,
nami sikuugombeza.
Kesho labda Kumi na Saba.
Mjukuu wangu Zahara anasema kule kuna mtu
anauza kashata za ufuta, bado za moto.
Huenda.