Mraba wa Kumi na Saba

Waliniletea kalenda ya mwaka juzi, ya duka la mbolea.
Mgongoni mwake wamechora ziwa kwa kalamu ya wino:
miraba arobaini, kutoka Kirumba mwaloni
hadi Ukara, na kurudi.
Vizibo vya soda ndiyo mitumbwi.
Dadu ni kipande cha ndala kilichokatwa kwa wembe,
nukta zake zimetobolewa kwa sindano ya moto.

"Tunataka uonekane mchezo wa dukani," akasema Minza,
mshonaji wa Kitangiri, kwa cherehani ya kukodi,
akaweka mezani elfu thelathini zilizokunjwa mara nne
kama mtu anayelipa kabla hajabadili mawazo.

Nikafanya ninachofanya siku zote.
Nikachora Jiwe la Bismarck juu ya mawimbi matatu.
Nyamizi, miaka tisa, akalitazama kwenye kioo cha kompyuta:
"Hilo liko kwenye maji ya chupa.
Liko kwenye basi. Liko kwenye fulana ya mjomba."
Nikalifuta.

Nikajaribu sangara; akakaa kama mbunge.
Nikajaribu sato; akageuka nembo ya kiwanda cha minofu.
Ndipo Bujiku akauliza mbona hakuna furu,
"wale wadogo wenye rangi, wanaoisha."
Nikamchora furu: mgongo wa samawati, tumbo la chungwa,
jicho moja linalokutazama kama linakudai.

Jina lilitushinda wiki mbili.
Safari ya Ziwa, kampuni ya mabasi.
Mvuvi Bingwa, bia.
Hadi jioni moja nikacheza nao, sakafuni,
nikasikia wanavyopiga kelele sita ikitoka:
Ng'oa! Ng'oa nanga!
Herufi nne, na juu yake ile ritifaa
ambayo kila mchapaji huisahau.
Nikaikunja kidogo, nikaichonga ncha.
Ikawa ndoano.

Bluu yangu, kwenye kioo, ilikuwa bluu.
Kwa Shalimbo, mtaa wa Makoroboi,
ikatoka zambarau ya dawa ya vidonda.
"Mashine imezeeka," akasema. "Macho yako je?"
Tukapunguza wekundu, tukaongeza kijani,
tukaongeza tena,
ikatoka rangi yenye mwani na magugumaji,
karibu inuke.
"Hiyo hiyo," akasema Minza. "Hiyo ndiyo tunayofulia."

Mraba wa kumi na saba ulikuwa mtupu.
Hauna samaki, hauna upepo, hauna maelezo.
Nikamweka furu wangu hapo, na jina chini yake.
Watoto wakanyamaza.

"Hapo panakaliwa," akasema Nyamizi.
Ukifika, unakaa. Zamu zinakupita.
Hutoki kwa sita wala kwa moja.
Unatoka mwenzako akikufuata.

Minza alikuwa anakata uzi kwa meno.
"Lugata alikwenda dago, Goziba.
Nyavu zikapotea, mwenye mtumbwi akamzuia kwa deni.
Tulikuwa tunacheza huu usiku ili watoto wasihesabu siku.
Wakahesabu.
Siku ya kumi na saba nikapanda boti.
Nilikwenda na cherehani, nikarudi na mume."

Mume mwenyewe alikuwa mlangoni na wembe na ndala,
anakata dadu nyingine. Hakuinua kichwa.

Usiku ule nikamwondoa furu, nikaondoa jina,
nikaondoa hata namba.
Asubuhi Shalimbo akapiga simu:
"Kuna mraba umeusahau."
Sijausahau.
"Basi niweke hata nyota?"
Usiweke kitu.
Akaguna guno la mtu mwenye wino wa kutosha.

Nakala hamsini, maboksi ya kadibodi.
Nilikosea vipimo kwa milimita mbili:
kifuniko kinabana, lazima ukikalie ndipo kifunge.
Nikaomba radhi, nikasema nitarudia kwa gharama yangu.
Bujiku alikuwa ameshakalia la kwanza,
anadundadunda.
"Acha hivyo," akasema. "Anayefunga ndiye anaanza."